Jinsi ya kuandaa jioni ya Srebrenica mtaani kwako (sisi Ujiji tunavyofanya)

Ndugu zangu, tangu tuanze hiki kitu hapa Ujiji watu wananiuliza sana, wengine wa Mwandiga, wengine wa kule Tabora, kwamba ile jioni ya Wabosnia mnaiandaaje, mnaanzia wapi, inakula hela nyingi? Sasa nimeona niandike yote sehemu moja, mtu akitaka kufanya kwake asianze kupapasa gizani. Ni jioni moja tu kwa mwaka ya kuwakumbuka watu wa Srebrenica, mji wa nchi ya Bosnia huko Ulaya, waliouawa kwa maelfu mwaka 1995, tunaifanya tarehe 11 Julai, siku nne baada ya Sabasaba, tunakaa kuanzia Alasiri mpaka Magharibi inakaribia, tunakunywa kahawa, tunafuma ua, tunasoma majina. Ila kuna namna ya kuifanya na kuna namna ya kuiharibu, na mwaka wa kwanza sisi tuliiharibu.

Tulichofanya mwaka ule tuliazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani, watoto wa madrasa tukawaweka mbele kabisa alafu tukaachia video za vita moja baada ya nyingine. Haikufika hata nusu saa, wadogo wanalia, vijana wakubwa wamesimama wanapiga kelele za kuwalaani Wakristo, na pale pale mlangoni kakaa jirani yetu, mama wa Kikristo, ambaye viti vyote tulivyokalia ni yeye alituazima. Akanyanyuka taratibu, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Kesho yake asubuhi nilienda kumuomba radhi. Akanipokea vizuri tu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuja kujua hao watu ni kina nani, nimeondoka najua walivyokufa tu." Hilo neno halijawahi kunitoka kichwani mpaka leo, na jioni yetu yote ya sasa imejengwa juu yake. Kwaiyo kila utakachosoma hapa chini kinafuata mpangilio huo, kwanza watu wajue ni kina nani, wanaongea nini, wanakunywa nini, wanapenda nini, alafu ndo ufike kwenye msiba.

Kabla ya yote kamuone mwenyekiti wa mtaa, mwambie ni kisomo na kumbukumbu, si siasa. Na imamu wa msikiti wa karibu mshirikishe mapema. Hayo hayahitaji maneno mengi.

Anza na jina

Hapa ndo watu wengi wanateleza, hata masheikh. Mbosnia ni mtu yeyote wa nchi ya Bosnia na Herzegovina, awe Mwislamu, Mkatoliki, Morthodoksi, asiye na dini, wote ni Wabosnia, kwa lugha yao Bosanac. Mbosniaki, Bošnjak, ni wa lile taifa moja ndani yake, na wengi wao ni Waislamu. Wapo pia Waserbia ambao wengi ni Waorthodoksi na Wakroatia ambao wengi ni Wakatoliki, na lugha wanaelewana wote bila mkalimani. Sensa ya 2013 ilihesabu watu milioni 3 na laki 5 hivi, Wabosniaki asilimia 50 na kidogo, Waserbia karibu 31, Wakroatia 15. Na wapo Wabosniaki nje ya Bosnia vilevile, kule Sandžak, eneo lililogawanyika kati ya Serbia na Montenegro.

Sasa waeleze vijana kisa cha jina lenyewe maana kina funzo kubwa. Enzi za Yugoslavia, ile nchi ambayo Bosnia ilikuwa ndani yake, hawa watu walikaa miaka mingi hawana jina la taifa lao kwenye karatasi za serikali, wanaambiwa jiandikishe Mserbia au Mkroatia au andika hujaamua. Mwaka 1968 chama tawala kikawatambua kuwa ni taifa, ila wakaitwa "Waislamu", na sensa ya 1971 ikawaandika hivyo. Yani Musliman kwa M kubwa ni taifa, musliman kwa m ndogo ni dini. Fikiria hapo, mtu wa Sarajevo, mji mkuu wao, asiyeswali hata rakaa moja anaandikwa Mwislamu kwa taifa, na mzee wa Ujiji aliyekesha na tasbihi yake miaka 60 si Mwislamu wa aina hiyo! Ndo maana Septemba 1993, vita imepamba moto, mji wa Sarajevo umezingirwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia, viongozi na wasomi wao walikutana humo humo ndani ya mji wakaamua kurudisha jina la kale, Bošnjak. Mimi hiki kitendo kinanigusa kuliko vingi, watu maji hawana, umeme hawana, kutoka nje ni kupigwa risasi, wao wanakaa kikao waulizane sisi tunaitwa nani.

Mchezo wa maneno

Hiki ndo kipande watoto wanakipenda na hakina gharama. Nunua manila moja, kata kadi, andika maneno ya Kibosnia kwa kalamu nene, mmoja anainua kadi na wengine wanakisia maana. Usiwaambie ni lugha gani mpaka mwisho.

Sanduk. Sapun. Dućan. Bakšiš. Sadaka. Sahat. Vakuf. Merhum. Kahva.

Utaona wenyewe wanapiga makelele, sanduku! sabuni! duka! bakshishi! Alafu unawageuzia, hiyo ni lugha ya watu wa Ulaya, wengine wana nywele za njano, nchi yao theluji inafika magotini. Wao maneno yalitoka Kiarabu na Kiajemi yakawafikia kwa mkono wa Waturuki walioichukua Bosnia mwaka 1463, sisi yakatufikia kwa pwani na misafara mpaka huku ziwani. Kadi za mwisho weka zile ambazo neno limegeuka maana kidogo, hapo wakubwa nao wanaanza kusogeza viti. Musafir kwao si msafiri, ni mgeni aliyekuja nyumbani kwako. Mahala ni mtaa, yani majirani mnaojuana. Na dženaza kwao ni ile sala ya maiti na mazishi yenyewe, wakati sisi jeneza ni kile tunachobebea. Usicheze na kadi hii, iweke pembeni, utaihitaji baadaye.

Kama una mzee anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandikiana barua babu zetu, mpe nafasi aandike mstari mmoja ubaoni. Maana Wabosniaki nao walifanya hivyo hivyo kwa karne kadhaa, lugha yao ya Kislavi wakaiandika kwa herufi za Kiarabu walizoziongezea wenyewe, maandishi hayo wanayaita arebica. Kwetu aliandika mzee mmoja wa hapa mtaani, mkono unatetemeka lakini herufi zimenyooka, vijana wakapiga picha na simu mpaka chaki ikafutika.

Kahawa

Kahawa ya Kigoma inatosha kabisa, ile ya Kalinzi kama unaipata. Ikaange iive vizuri, ipondwe mpaka iwe laini kama unga, usiache chengachenga, hapo ndo siri ilipo. Wenyewe wanatumia kichombo cha shaba chenye mkono mrefu, džezva, sisi tunatumia sufuria ndogo yenye mkono. Chemsha maji pembeni. Tia kahawa kavu kwenye sufuria, ipashe moto sekunde chache mpaka harufu ipande, alafu mimina maji yanayochemka ila bakiza kama nusu kikombe. Itafura na povu juu, irudishe jikoni ifure tena mara moja, iepue kabla haijamwagika, malizia na yale maji uliyobakiza ili chicha zishuke. Acha ikae. Usichuje, usikoroge. Povu gawa kwa kijiko kila kikombe kipate.

Vikombe ni vidogo visivyo na mkono, sawasawa na vya wauza kahawa wetu. Wao wanakula na kipande cha sukari, unakichovya, unang'ata kidogo, unapiga funda, na pembeni kitu kitamu cha kutafuna. Sisi tunaweka kashata. Halua nayo inafaa, wao pia wanaipika kwenye usiku mtukufu na wanaiita halva.

Wakati watu wanakunywa waambie jambo hili, Mbosniaki akisema kahva ameshajitambulisha, Mserbia atasema kafa, Mkroatia atasema kava. Kinywaji ni kilekile. Waache walitafakari wenyewe, usilitolee hotuba.

Imani na nchi

Hapa chagua visa vitatu tu, ukileta historia nzima watu watasinzia. Vya kwetu ni hivi.

Cha kwanza ni cha maji. Kuna kijiji kinaitwa Prusac, wanasimulia kwamba mzee Ajvaz-dedo alikuta watu hawana maji, mwamba umeziba njia, akaomba asubuhi 40 mfululizo, siku ya 40 akaota kondoo dume wawili weupe wanagongana, kuamka mwamba umepasuka na maji yanapita. Mpaka leo kila Juni watu kwa maelfu wanakwenda kwa miguu na farasi mpaka kwenye ule mpasuko kuomba dua, wanaita Ajvatovica. Serikali ya kikomunisti ilipiga marufuku mwaka 1947, ikarudi 1990. Kwa sisi tunaobeba ndoo tunaelewa bila kufafanuliwa. Kwenye kisa hiki ndo unaweza kuonyesha dini na ardhi vilivyoshikana kwao, dua yao imefungwa kwenye mwamba wenye jina, kwenye kijiji chenye jina. Unaweza kuongeza kwamba wana mevlud kama sisi tulivyo na maulidi, na Sarajevo kuna zawiya ya Qadiriyya ya karne ya 17, Hadži Sinanova tekija. Watu wa Tabora na Ujiji ambao babu zao ni wa tariqa hiyo watanyanyua vichwa, mimi nimeona.

Cha pili ni cha kitabu. Mwaka 1942, jeshi la Wanazi limeikalia Sarajevo, jenerali wa Kijerumani akaja makumbusho kukitaka kitabu kitukufu cha zamani sana cha Wayahudi. Mkutubi alikuwa Mwislamu, Derviš Korkut. Yeye na mkuu wake wa kazi, ambaye alikuwa Mkroatia, wakakificha na kikapona. Kipo Sarajevo hadi leo.

Cha tatu ni cha Jovan Divjak. Huyu ni Mserbia kwa kuzaliwa, afisa wa jeshi la Yugoslavia, vita ilipoanza 1992 akabaki Sarajevo akailinda pamoja na wenzake wa jeshi la Bosnia mpaka akawa jenerali, na baada ya vita akajikita kusaidia watoto wasome. Alifariki Aprili 2021. Kisa hiki usikiruke hata iweje, kwa sababu bila hicho yatatokea yaliyotokea kwetu mwaka wa kwanza.

Jambo moja dogo la tahadhari. Watu watataka kuandika kwenye bango "Hubbul-watan minal-imaan", kupenda nchi ni katika imani, na Wabosniaki nao wanalisema sana neno hili. Ni msemo mzuri ila wanazuoni wa hadithi hawakuuthibitisha kuwa ni kauli ya Mtume, kwaiyo iandike kama msemo, usiandike "amesema Mtume".

Msiba

Dakika kumi, mtu mmoja aongee, amekaa, bila video. Na vitoto vidogo kabisa vipelekwe kucheza wakati huo. Yaliyo muhimu ni haya. Bosnia ilipiga kura ya kujitawala mwishoni mwa Februari na tarehe 1 Machi 1992, vita ikaanza mwaka huohuo. Misikiti mamia ilibomolewa, msikiti wa Ferhadija wa mji wa Banja Luka ulilipuliwa Mei 1993 na ulifunguliwa upya Mei 2016, umejengwa kwa mawe yake mengi yaleyale waliyoyakusanya hadi kwenye jalala. Mji wa Srebrenica ulitangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1993 kuwa eneo salama. Tarehe 11 Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić likauteka. Wanaume na wavulana wakatengwa na mama zao, na kwa siku chache wakauawa zaidi ya 8,000. Wakafukiwa kwa mashimo, alafu mashimo yakafukuliwa kwa magreda wakahamishwa kuficha ushahidi, ndo maana mifupa ya mtu mmoja inaweza kupatikana sehemu mbili tatu. Mpaka leo wanatambuliwa kwa DNA, na kila tarehe 11 Julai waliotambuliwa mwaka huo wanazikwa kwenye makaburi ya kumbukumbu ya Potočari, karibu na Srebrenica. Hapo sasa ndo utoe ile kadi ya dženaza uliyoiweka pembeni, uinue bila kusema kitu.

Watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa ukimbizi ni nini, tumekaa na Warundi na Wakongo miaka yote hii, Nyarugusu ipo hapo Kasulu. Waunganishie na hili, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari ilitolewa nchini kwetu, Arusha, Septemba 1998, kwa yaliyotokea Rwanda. Ya Srebrenica ilifuata Hague mwaka 2001. Mladić kifungo chake cha maisha kilithibitishwa Juni 2021. Na tarehe 23 Mei 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoipitisha 11 Julai kuwa siku ya kumbukumbu duniani, waliolipeleka azimio ni Ujerumani na Rwanda, kura 84 za ndiyo, 19 za hapana, 68 hazikuegemea upande. Sisitiza pia kwamba waliohukumiwa ni watu kwa majina yao na matendo yao, si kabila zima wala dini nzima. Mimi hili nalirudia mara mbili kila mwaka na sichoki.

Kufuma ua

Sasa mikono ipate kazi, maana baada ya maneno yale watu hawajui waweke wapi macho. Ua la Srebrenica ni jeupe, petali 11 kwa ajili ya ile tarehe, katikati kijani. Weupe ni akina mama na mitandio yao meupe, kijani ni matumaini, na wengine wanasema akina mama wamelizunguka jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani. Akina mama wa Gračanica ndo wanayafuma kwa sindano ndogo, kazi ya subira sana, sisi tunafanya kwa kroshia kwa sababu ndo tunayoijua kwa vitambaa vya makochi.

Uzi wa kijani, fuma mnyororo wa vitanzi 5, unganisha upate duara. Ndani ya duara fuma mishono mifupi 11, funga, kata. Uzi mweupe, ingia kwenye mshono wa kwanza, panda vitanzi 3, fuma mishono miwili mirefu hapohapo na uifunge pamoja kwa juu, shuka vitanzi 3, funga mahali ulipoanzia, hiyo ni petali moja. Hamia mshono unaofuata. Ukimaliza zote ficha ncha za uzi kwa nyuma, tia pini.

Tatizo la ua hili ni hesabu. Mkono uliozoea kufuma unapenda 10 au 12, ile 11 inautoroka. Bibi mmoja hapa mtaani, macho yamepungua nguvu, alituletea dawa yake, anaweka maharage 11 mapajani juu ya khanga, kila akimaliza petali anasogeza harage moja upande wa kulia. Yakiisha, ua limeisha. Nilikaa karibu yake nikawa namwangalia, harage la mwisho hakulisogeza haraka, alilishika kwanza kati ya vidole akauliza, "Huyu wa mwisho naye alikuwa na mama?" Nikamwambia ndio bibi. Akalisogeza. Toka siku hiyo kila anayefuma kwetu anapewa maharage yake 11.

Yule mama jirani sasa ndo mwalimu mkuu wa kufuma. Alirudi mwaka wa pili na viti vyake.

Majina

Kwenye kuta za mawe za Potočari kuna majina 8,372, huwezi kuyasoma yote, na kusoma jina kamili la marehemu wa watu usiowajua sisi tuliona tuwaachie wenye nao. Tunasoma majina ya koo tu, 11. Jifunze matamshi kabla, si vigumu, š ni sh, č na ć soma ch, dž soma j, na j peke yake ni y. Mwisho wa -ović maana yake ni "wa", wa ukoo wa fulani.

Panga watoto kwa majina yao. Hapa ndo mpango wote wa jioni ulipokuwa unaelekea. Mtoto anayeitwa Hasani anasimama anasoma Hasanović. Omari anasoma Omerović. Selemani, Sulejmanović. Othumani, Osmanović. Salehe wetu ana miaka tisa, aliposoma Salihović alikaa kimya kidogo kisha akageuka kuniuliza mbele za watu wote, "Mwalimu, huyu ni mimi?" Sikuwa na jibu nililoandaa. Usiandae jibu, acha mzazi wake amuite akae karibu naye.

Hapo sheikh anaomba dua fupi, na jirani Mkristo akitaka kuomba kwa namna yake apewe nafasi.

Vikombe vya mwisho

Kuna msanii wa Kibosnia, mwanamke, alikuwa anakusanya vikombe vidogo vya kahawa vilivyotolewa na familia, anavipanga uwanjani katika miji mbalimbali ya dunia, anavijaza kahawa na hakuna anayekunywa, ni ya wale ambao hawakurudi kunywa na wenzao. Sisi tunaweka 11 juu ya mkeka chini ya mwembe, kahawa ileile ya Kalinzi, imiminwe ya moto ili mvuke uonekane. Julai huku ni kiangazi na upepo wa ziwani jioni unavuma, kwaiyo mkeka uwekee mawe pembeni na vumbi likianza funika na kawa. Watu wanakaa kimya mpaka kahawa ipoe, hata wanaopita na baiskeli kutoka Kibirizi na madagaa yao huwa wanashuka.

Adhana ya Magharibi ikitoka, kahawa inamwagwa kwenye shina la mwembe, watoto wanaosha vikombe, maharage yanarudi kwenye mfuko wake na maua yaliyozidi yanaingia kwenye kopo la maziwa ya unga ninalolitunza juu ya kabati. Mwaka huu yamebaki kadhaa. Wa Tabora mkitaka ua la mfano nimpe mtu wa treni, mniambie tu mapema ili akina mama wenu waanze kufuma mwezi wa sita.